MLIMA HAUENDEWI KUNI TU

Nina dukuduku ambalo limenikaa rohoni tangu likizo ya Agosti. Najua wapo watakaosema huyu amekosa la kuandika. Wasome kwanza, kisha waniseme.

Sisi wa Bahati tumezungukwa na milima. Upande wa machweo iko Menengai, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na shimo la volkano lenye upana wa kama kilomita 12. Upande wa macheo ni ukingo wa bonde na msitu wetu. Ukipanda matatu ya Nyahururu, unateremka Subukia na kuvuka ikweta ukiwa umesinzia. Lakini hebu waulize wenzako darasani ni nani amewahi kusimama ukingoni mwa Menengai. Mikono itakayoinuka utaihesabu na vidole vitabaki. Wageni hutoka Ulaya kuja kuupanda mlima ambao sisi tunautazama dirishani tukifanya hesabu.

Jibu huwa ni moja tu: hatuna nafasi. Jumamosi ni masomo ya ziada, Jumapili ni kanisa na kufua sare. Walimu nao wana madaftari ya kusahihisha, na wazazi wana shamba na duka. Hata mimi nilikuwa naimba wimbo huo huo.

Sasa nina shangazi ambaye ni muuguzi mjini Nakuru. Kazi yake mnaijua: zamu za usiku, miguu kuvimba, simu kulia akiwa amelala. Agosti alikuja kwetu siku yake ya ofu, na badala ya kulala akaniambia, "Vaa raba, tunaenda Menengai." Nyanya aliposikia akaacha kupepeta maharagwe. "Mlimani watu huenda kutafuta kuni, ama ng'ombe aliyepotea," akasema. "Nyinyi mmepoteza nini huko?" Shangazi akacheka, akamjibu, "Mama, leo sibebi kitu."

Neno hilo sikulielewa mpaka tulipokuwa njiani. Tulikuwa wanne, pamoja na wenzake wawili wa kazini. Tulianza asubuhi na mapema kabla ya jua kukaza, tukiwa na chapati, maji na sweta. Mwendo wa kupanda si mchezo, wacha nisiwadanganye. Mimi ninayejiita mchezaji wa kandanda nilihema kama gari la mkaa, huku shangazi akitangulia polepole bila kusimama. Tulipofika ukingoni nikaona kule chini mawe meusi ya lava, vichaka, na mvuke mweupe ukitoka pale wanapochimba umeme wa mvuke tangu mwaka wa 2011. Nikigeuka kusini naliona Ziwa Nakuru. Shangazi aliketi juu ya jiwe akanyamaza kama nusu saa. Sijawahi kumwona amenyamaza hivyo bila kusinzia. Kisha akaniambia kwamba wiki ile walikuwa wamempoteza mtoto wodini, na alikuwa hajapata mahali pa kukaa nalo. Nyumbani kuna wageni, kazini kuna wagonjwa wengine.

Ndipo nikaona swali la nyanya lina jibu. Tangu utotoni yeye alipanda kwa kutumwa na akashuka na mzigo mgongoni. Simlaumu akiona kupanda bure ni wazimu. Hata rafiki yangu mmoja aliniuliza, "Mimi natembea kilomita tano kuja shule, unataka nitembee tena?" Swali lake ni la haki. Lakini yeye asubuhi hatembei, anakimbizana na geti lisifungwe! Kutembea kwa hiari yako, saa yako, ni kitu kingine kabisa.

Wengine watasema huo ni mchezo wa wazungu. Kweli, huko Kanada na Marekani watu wa ofisi hungoja wikendi, wakafunga chini ya viatu vitu vipana mithili ya ungo mdogo ili wasizame, wakapanda milima thelujini. Sisi theluji yetu iko Mlima Kenya, nayo barafu yake inapungua mwaka baada ya mwaka. Lakini ni Mkenya, Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera yetu huko juu Desemba 1963. Na Cheruiyot Kirui alikuwa mfanyakazi wa benki jijini Nairobi, mtu wa kazi kama wazazi wetu, ila alijulikana kwa milima.

Hapo mama yangu hunikatiza: "Na si alikufa?" Ndiyo, Kirui alifia Everest Mei 2024 akijaribu kufika kileleni bila hewa ya mtungi. Mlima si wa kufanyiwa mzaha, hata huu wetu. Msiende peke yenu, msiteremke shimoni bila mtu anayeijua njia, na nyumbani wajue mmekwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Lakini kutoka Everest, mita 8,849, mpaka ukingo wa Menengai ni mbali sana, mama.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Katika kila muhula tupewe Jumamosi moja, moja tu, ambayo haitakuwa na masomo ya ziada, na twende pamoja nao. Tusipewe maswali ya kujibu huko juu wala insha ya kuandika tukirudi. Chapati tutabeba wenyewe.

Shangazi nimemwuliza kama anaweza kutuongoza. Wiki hii yuko zamu ya usiku, lakini anasema akijulishwa mapema atabadilishana na mwenzake.