Tuulize Kabla ya Kuhukumu



Wengi wenu hamjaitwa bado baba wala mama. Hata hivyo ni ninyi mnaowaogesha wadogo wenu na kuwalaza, na mara nyingi ni ninyi mnaowachapa wazazi wanapokuwa sokoni au shambani. Ulezi mmekwisha kuuanza. Neno hili ni lenu pia.

Tunaikumbuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka. Siku zilizofuata ardhi ya Goma ilitetemeka mara kwa mara, na tarehe 27 sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Watu walikimbilia Sake, Minova na Rwanda. Tuliporudi tulihesabu nyumba na mali. Wachache waliuliza watoto wamerudi na nini moyoni.

Baadaye, katika katekisimu, tulimpokea mvulana wa miaka 9 aliyekuwa ameanza tena kukojoa kitandani. Nyumbani alichapwa kila asubuhi, na mkeka wake ukaanikwa mbele ya majirani. Kisha mtu wa ukoo akasema kwamba mtoto huyu si bure, ana uchawi. Tulipomwuliza kwa upole, alijibu kwamba usiku huogopa kutoka kwenda chooni, ardhi isije ikatetemeka akiwa peke yake.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa la malezi yetu ni hilo: hukumu hutangulia swali. Mtoto asiye na maneno ya kuitaja hofu huisema kwa mwili na kwa mwenendo. Hukataa kula, hupiga wenzake, hunyamaza. Nasi tunamwita mkaidi. Tukimwita mchawi, tunamfungulia njia ya kutupwa barabarani. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaliadhibu kosa hilo. Lakini sheria haimwamshi mtoto usiku wa manane na kumshika mkono. Kazi hiyo ni yetu.

Tumtazame Bikira Maria. Luka anasimulia kwamba Yesu, akiwa na miaka 12, alibaki Yerusalemu, na wazazi wake walimwona baada ya siku tatu. Neno la kwanza la Mama lilikuwa swali. Kisha akamweleza uchungu wake na wa Yosefu. Jibu hawakulielewa, lakini Maria aliyaweka yote moyoni. Naye Mtoto akarudi nao Nazareti, akawatii.

Wengine watasema huku ni kudekeza. La! Anayeuliza kwanza bado anaweza kukemea, ila hukemea kosa analolijua. Na tatizo likiendelea, tumpeleke mtoto kwenye kituo cha afya, kwani huenda ni ugonjwa.

Leo jioni, baada ya sala, kila mmoja wenu akae na mdogo wake, amwulize habari za siku, asimkatize. Na mtoto akinong'onwa mtaani, simameni upande wake. Yule mvulana hakuponywa na fimbo. Kaka yake, kijana wa umri wenu, alianza kumsindikiza chooni kila usiku, akiwa na tochi mkononi. Baada ya majuma machache mkeka ulikuwa mkavu.