Presha ya mimba haisubiri kliniki ya mwezi ujao

Septemba 2023, mpango wa kuwapa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii mikoba ya kazi ulizinduliwa Nairobi. Ndani ya mkoba kuna kipimajoto, mizani, kifaa cha kupima sukari na mashine ya presha. Mikoba hiyo ilikusudiwa ifike hadi kwa wanaopanda vilima vya Nyambene katikati ya mashamba ya miraa, na kwa wanaokatiza vumbi la Mbeere, Embu ya chini. Serikali za kaunti za Meru na Embu zina swali moja la kujibu: mashine hiyo inafungwa mkononi mwa nani?

Presha hudhaniwa kuwa maradhi ya wazee. Kumbe mwenye haja na mashine hiyo kuliko wote huenda ni msichana wa miaka 19 mwenye mimba ya kwanza, ambaye hajisikii mgonjwa hata kidogo.

Lugha nayo ina lawama yake. Jina linalojulikana na wengi, kifafa cha mimba, linataja mwisho wa ugonjwa: mama ameshaanguka, anatikisika, ameuma ulimi. Hatua inayotangulia, ambayo bado inadhibitika, haina jina la nyumbani. Huitwa presha tu, na presha kwa Mkenya wa kawaida ni karo, ni mwenye nyumba, ni Arsenal. Mama akiambiwa ana presha anaweza kurudi nyumbani akajaribu kupunguza mawazo.

Madaktari huiita priklampsia. Hujitokeza baada ya wiki ya 20, presha inapofika 140 kwa 90 na mkojo ukaonyesha protini, au viungo kama figo na ini vikaanza kudhurika. Ikifika 160 kwa 110, hiyo ni kali. Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma, na ndiyo maana dawa hutuliza tu. Kinachomaliza ugonjwa ni kujifungua. Kichwa huuma bila kupoa, macho huona ukungu, maumivu hukaza chini ya mbavu, uso na mikono huvimba. Wengine hawaoni dalili yoyote mpaka siku ya kuanguka.

Hata miguu iliyoshinda dunia haikimbii ugonjwa huu. Tori Bowie wa Marekani, bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2017, alifariki nyumbani kwake mwaka 2023 akiwa na mimba ya miezi minane, na wachunguzi wakataja kifafa cha mimba miongoni mwa mambo yaliyoweza kuchangia. Mwenzake Allyson Felix aliokolewa kwa upasuaji mwaka 2018, mimba ikiwa na wiki 32. Nchini Kenya, uchunguzi wa siri wa vifo 484 vya wazazi vilivyotokea mwaka 2014 uliiweka presha ya mimba miongoni mwa visababishi vikuu, nyuma ya kutokwa na damu. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi ya waliokufa walipata huduma isiyofikia kiwango. Walikufa wakiwa wamefika hospitalini.

Sayansi haikuchelewa. Mwaka 2002 utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti, dawa ya zamani na ya bei nafuu, hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kituo kisichoweza kutoa matibabu yote kimchome mama dozi ya kwanza, kisha kimpeleke mbele haraka. Kwa mama anayetolewa Mutuati hadi hospitali ya rufaa ya Meru, au Siakago hadi ile ya Embu, sindano hiyo kabla ya gari kung'oa nanga ndiyo safari yenyewe. Wauguzi wengine huiogopa kwa kuwa ikizidi huzuia pumzi. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa ya kupinga magnesiamu iliyozidi, kalsiamu glukoneti, ipo, na kuhesabu pumzi za mgonjwa hakuhitaji umeme.

Je, kupima presha majumbani kunatosha? Hapa utafiti unawatia adabu wenye haraka. Majaribio yaliyofanywa Msumbiji, India na Pakistani, na kuchapishwa mwaka 2020, yalifuatilia karibu wajawazito 70,000, baadhi yao wakitembelewa na wahudumu wenye mashine za presha. Kwa jumla, vifo na madhara havikupungua. Ila pale mama alipotembelewa mara nane au zaidi, watoto waliozaliwa wafu walikuwa wachache. Kupima mara moja na kupiga picha ya kampeni ni kazi bure.

Kinga nayo ina saa yake. Aspirini ya kipimo kidogo huwafaa walio katika hatari kubwa, mradi waanze kabla ya wiki ya 20, wakati wajawazito wengi bado hawajakanyaga kliniki. Jaribio la Dar es Salaam, lililochapishwa mwaka 2024 likiwa na wanawake 11,000, lilikuta kwamba miligramu 500 za kalsiamu kwa siku hukinga sawa na 1,500. Hata Kenya utafiti wa aina hii unawezekana: kule Pwani, watafiti wamewafuatilia wajawazito wa Rabai na Mariakani.

Nyanda za Mlima Kenya zina Chuo Kikuu cha Embu, cha Meru na kile cha Kimethodisti (KeMU), na hospitali za misheni kama Maua na Chogoria. Hapo pana nguvu ya kutosha kujaribu jambo moja: mikoba ile ipime kila mjamzito wa kijiji kila wiki mbili, kila zahanati iwe na dozi ya kwanza ya sindano, na matokeo yahesabiwe kwa mwaka mzima, hata yakiaibisha.

Hesabu hiyo isiishie chumba cha kujifungulia. Kujifungua huumaliza ugonjwa, lakini si papo hapo: kifafa huweza kuja siku kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa, mama akiwa nyumbani na wageni wamekaa wakinywa uji wake, na kichwa kinachomuuma kikidhaniwa ni kukosa usingizi. Siku ya tatu, mhudumu mwenye mkoba anapaswa kubisha hodi tena.