Amerudi Kunywa Lutuku: Je, Matunzo Yalikuwa ya Bure?

Ninyi wazazi wa Kasongo na Kabambare wenye vijana katika mashimo ya dhahabu kule Salamabila na Namoya,

Neno hili lasikika sana katika jamaa zetu: «Tulimupeleka, wakamutunza, akaacha. Miezi mitatu tu, amerudi kunywa! Makuta yetu ilipotea bule.» Tunaelewa uchungu huo. Mbuzi wameuzwa, pengine na dhahabu ya shimo lote. Lakini hesabu hiyo si sawa.

Wachunguzi wanasema kwamba kati ya watu 100 waliotunzwa kwa ulevi au madawa ya kulevya, 40 mpaka 60 huanguka tena. Wagonjwa wa presha na wa pumu nao huanguka vilevile wakiacha masharti ya muganga. Je, mama mwenye presha akianguka tunasema hospitali ni uongo? Hapana, tunamurudisha.

Mwaka 2020 walipima vikundi vya walevi wanaosaidiana, vilivyoanza Marekani mwaka 1935. Baada ya mwaka mmoja, 42 kwa 100 walikuwa hawagusi pombe kabisa. Kwa matunzo mengine ni 35. Na vikundi vile havilipishi hata franka moja! Watu wanakutana, kila mmoja anasema ukweli wake, hakuna anayecheka. (Sisi kwetu, ukisema ukweli wako katika kikundi cha maombi, kesho soko lote linajua. Tuanzie hapo.)

Sasa sikieni vizuri. Kuna wazazi wanaomufungia kijana katika chumba cha maombi, pombe basi, siku ileile. Ni hatari! Mutu aliyekunywa lutuku kila siku kwa miaka, ukimukatia ghafula, anaanza kutetemeka siku ya kwanza. Kati ya siku ya pili na ya ine anaweza kuona vitu visivyoko, kupatwa na kifafa, hata kufa. Watu wanasema: «Pepo zinatoka.» Kumbe ni mwili. Mupelekeni hospitali kwanza, apewe dawa ya kutuliza na vitamini B1. Maombi yaendelee kando ya kitanda, bila kamba wala minyororo.

Bukavu iko SOSAME ya Mabruda wa Karitas kwa wagonjwa wa akili, lakini kutoka kwetu ni mbali, na njia tunaijua. Hata aliyefika huko atarudi nyumbani. Atarudi wapi? Kwenye shimo lilelile, ambako chupa inapita mbele ya ugali? Mutafutieni kwanza shamba, duka, kazi yoyote karibu na nyumba.

Nanyi vijana, rafiki akirudi, musimwambie: «Kunywa moja tu, tuone kama ungali mwanaume.»

Akianguka tena, musimufukuze. Mumuulize: ilikuwa siku gani, pamoja na nani, makuta ilitoka wapi? Muandike. Muganga ataanzia pale.