Nani achague programu ya kuchorea skrini?

Vijana wanaotengeneza programu za simu hapa Kivu Kaskazini hubishana sana kuhusu chombo cha kuchorea skrini. Wengi husimama na Figma, wachache na Penpot. Hoja zao ni za wachoraji: wepesi, rangi, na chombo gani waajiri wa nje wanakitambua. Sisi wa lugha hatuitwi kwenye ubishi huo. Tunaitwa mwishoni, skrini zote zimekwisha kuchorwa, tunapewa orodha ya maneno tuitafsiri. Nasema tuitwe siku ya kuchagua chombo.

Tuchukue fomu ya kuandikisha familia zilizokimbia vita, itakayotumika Masisi na Walikale. Kiolezo cha kigeni huja na visanduku viwili vya jina. Mkongomani huulizwa nom, postnom na prénom, na hiyo postnom tumeachiwa na siasa ya Mobutu ya kurudia majina ya asili, mwaka 1972. Mwandikishaji asiye na kisanduku cha tatu atafanyaje? Ataibandika postnom popote, na kesho mama huyo huyo ataonekana kwenye orodha kama watu wawili, au asionekane kabisa siku ya kugawa unga.

Halafu mahali anapotoka. Masisi ina sheferi mbili, Bahunde na Bashali, na sekta mbili, Katoyi na Osso-Banyungu. Walikale haina sheferi hata moja: ina sekta za Bakano na Wanianga. Kisanduku kilichoandikwa “Sheferi” peke yake kitamfaa mtu wa Sake na kumkwamisha mtu wa Mubi. Na kitufe cha mwisho je? “Hifadhi” ni Kiswahili sanifu, lakini huku mtu husema amechunga kitu, na wengi wamezoea kusoma “Enregistrer” kwenye simu zao. Neno hilo lina herufi 11. Kitufe kilichopimwa kwa neno la Kiingereza la herufi nne litalikata katikati.

Makosa ya namna hii hayaonekani kwenye orodha ya maneno. Yanaonekana kwenye mchoro, tena kwa mtu wa mahali penyewe. Ndiyo maana naipenda KoboToolbox, ambayo mashirika ya misaada yameizoea, ingawa sura yake haina cha kujivunia. Fomu yake inaweza kuandikwa kwenye jedwali la Excel: swali moja mstari mmoja, lugha moja safu moja. Muuguzi anayejua Excel hurekebisha safu ya Kiswahili bila kumngoja mchoraji, na simu huchunga majibu hadi ipate mtandao.

Kwa timu inayotaka skrini zake yenyewe, kura yangu ni Penpot. Ni programu huria. Timu inaweza kuiweka kwenye kompyuta yake ofisini na kuifungua kwa waya au Wi-Fi ya ndani, hata intaneti ikikatika. Figma huhitaji mtandao ili kufungua faili, na mpango wake wa kulipia hudai kadi ya benki. M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji zilifungwa. Kadi ipi, basi?

Wenye Figma watanijibu kwamba ina mpango wa bure, na kwamba anayeijua hupata kazi Nairobi au Ulaya. Ni kweli, na simlaumu kijana anayetafuta mkate. Ajifunze zote mbili. Lakini fomu ya Masisi si cheti chake cha kuombea kazi.

Timu ifanye hivi kabla ya kuamua: ichapishe skrini tatu za kwanza kwenye karatasi, impe motari azifikishe Mubi na Nyabiondo pamoja na kalamu nyekundu, kisha ipime ni chombo gani kinapokea masahihisho hayo kwa siku moja, bila kumlipa mtu wa mbali.