Duara la Kaloleni
Mtaa wa Kaloleni, ulioko Eastlands jijini Nairobi, ulijengwa miaka ya 1940, na ramani yake bado inawashinda wajenzi wengi wa leo. Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard alichora mji wa bustani kama duara, barabara kuu sita zikichanua kutoka katikati mithili ya petali za ua. Wazo hilo ndilo lililofika Eastlands: ukumbi wa jamii, nyumba za mawe zisizopanda juu, miti, na nafasi ya watoto kucheza. Ndiyo, mkoloni aliwabana Waafrika kwenye vyumba vidogo, na hilo halisameheki. Lakini uwiano wa nyumba na uwanja aliupata. Ninyi mnaochora ghorofa mpya za Eastlands, pimeni uwanja kwanza, ndipo mhesabu vyumba.