Usikimbilie leseni ya otomatiki pekee

Umepiga hesabu za karo ya shule ya udereva, umekopa kidogo kwa shangazi, na sasa umeketi mbele ya karani anayejaza fomu. Anakuuliza swali moja bila hata kuinua macho: B1 au B2? Wengi wenu mnajibu B1, kwa sababu aliyewatangulia kwenye laini amesema hiyo ndiyo rahisi, haina kusumbuana na klachi. Sekunde tano tu, yameisha. Kisha mtakaa miaka mkibishana mtandaoni kuhusu gari lipi bora kati ya lenye gia za mkono na la otomatiki, ilhali uamuzi wenye uzito mliufanya siku hiyo bila kuufikiria.

Tuelewane hapa. Katika mpangilio wa leseni wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), B1 inakuruhusu kuendesha gari dogo la otomatiki pekee. B2 inakufungulia yote mawili. Mwenye B2 anaweza kuendesha Vitz ya otomatiki leo na kesho akapewa pikapu ya gia za mkono, asibabaike. Mwenye B1 akiishika hiyo pikapu, mbele ya sheria anaendesha gari ambalo hana leseni yake. Likigongwa, kampuni ya bima imepata sababu nzuri ya kukataa kulipa.

Sasa fikiria kazi. Unamaliza chuo, unatuma barua mia mbili, na siku moja anatokea mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetaka kijana wa kupelekea wateja mizigo. Gari lake ni pikapu ya kebini moja, gia tano, klachi ngumu kama pedali ya cherehani ya zamani. Hatakuuliza alama zako za digrii. Atakurushia ufunguo tu. Pikapu za kampuni, Canter za kubeba mchanga, matatu za abiria 14: nyingi ya hizi bado ni za gia za mkono. Na kama una ndoto ya kwenda Uingereza au Milki za Kiarabu kuendesha magari, huko nako aliyetahiniwa kwa otomatiki hufungiwa kwenye otomatiki. Japani yenyewe, tunakotoa ndai zetu, ilianzisha leseni ya otomatiki pekee mwaka wa 1991.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: jifunze gia za mkono, chukua B2, hata kama moyoni unajua hutawahi kununua gari lenye klachi. Isipokuwa kama mwili wako haukuruhusu, mathalan una ulemavu wa mguu wa kushoto. Hapo otomatiki ndiyo gari lako, na hakuna anayepaswa kukuchekelea.

Kuhusu gari la kununua, nitakushauri kinyume. Ukiwa unaishi Nairobi na huna shamba la kubebea viazi, nunua otomatiki. Tena soko limeshakuamulia. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane, nasi hununua mengi ya magari hayo Japani, ambako karibu kila gari dogo jipya linalouzwa ni otomatiki. Ingia yadi yoyote ya Ngong Road utafute Demio ya gia za mkono. Utazunguka hadi viatu vilie.

Halafu kuna jam. Wewe jaribu Jogoo Road saa kumi na mbili jioni na gari la klachi. Unasonga hatua mbili, unakanyaga, unaachilia nusu, unasimama. Mguu wa kushoto unaanza kutetemeka, nyuma yako kuna matatu imekugusa bampa kwa macho. Kila unapoishikilia klachi nusu ili gari lisirudi nyuma, lile sahani lake linajisaga. Dereva mgeni anaweza kulimaliza mapema sana, na giaboksi ishushwe yote ndipo libadilishwe.

Lakini kuna deni ambalo wauzaji hawakuambii. Giaboksi ya otomatiki ina oili yake, nayo si ile ya injini. Na kama gari lako ni la CVT, yaani lile lisilo na gia za hatua bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, hata oili ya kawaida ya otomatiki haliifai. Kila mtengenezaji ana aina yake, na imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Jirani yangu mmoja alipeleka gari lake dogo kwa fundi wa kando ya barabara, akawekewa oili "ya otomatiki, zote ni sawa tu buda." Baada ya muda gari likaanza kutetemeka likipanda mlima, kisha likawa linanguruma bila kwenda. Aliishia kununua giaboksi nzima iliyotumika, pesa alizokuwa ameweka za kodi ya miezi kadhaa. Fundi bado yuko pale pale, bado anasema zote ni sawa.

Klachi ya gia za mkono ikiisha, fundi yeyote wa jua kali mwenye jeki na spana ataibadilisha. Giaboksi ya otomatiki ikilala, mafundi wengi hawaifungui kabisa. Betri nayo ikikufia Githurai usiku, gari la gia za mkono utasukumwa na wasee watatu liwake. La otomatiki, tafuta nyaya na jirani mwenye roho safi.

Kuna jambo la uhai pia. Wenye otomatiki wengi hawajui zile herufi na namba zilizo chini ya D ni za nini: L, 2, S, na kwenye baadhi ya Toyota, B. Ni za kushukia mteremko. Ukiteremka Mai Mahiu ukiwa kwenye D tu huku mguu uko kwenye breki kutoka juu hadi chini, breki zinapata moto hadi zinapoteza nguvu. Weka kwenye herufi hizo, injini yenyewe ilizuie gari. Na wewe wa gia za mkono, ile hekima ya kutoa gia kwenye mteremko "kuokoa mafuta" iache. Eneo la Salgaa, barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, lilipata sifa mbaya kwa ajali za malori yaliyokuwa yakiachiliwa yateleze hivyo. Tena huokoi kitu: injini ya kisasa ikiwa kwenye gia na hujakanyaga mafuta, hukata petroli yenyewe kwenye mteremko. Ukitoa gia, inabidi ichome kidogo isizime.

Hiyo hadithi kwamba otomatiki hunywa mafuta kuliko gia za mkono ilikuwa kweli enzi za otomatiki za gia nne. CVT nyingi za sasa ziko sawa na gia za mkono, zingine hata zinazishinda. Na ile ya kwamba otomatiki ni "gari la akina dada", nimeichoka. Wanaoisema wengi wao wanasema wakiwa wamekaa kiti cha abiria.

Najua kuna atakayeniambia klachi inakufa. Mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka wa 2022, na hayana klachi wala gia za kubadilisha. Sawa. Lakini pikapu ya yule mwenye duka haitakuwa ya umeme mwezi ujao, na wewe unatafuta kazi mwezi huu.

Ukifika yadi siku ya kununua, omba injini iwashwe ikiwa baridi, si ile waliyoipasha moto kabla hujafika. Kanyaga breki, toa P weka R, kisha D. Gari likichelewa kushika au likiruka kama limepigwa teke, rudisha ufunguo. Likishika vizuri, liendeshe hadi kwenye mlima, na usikubali kuzungushwa kwenye tambarare ya yadi. Zima redio, usikilize.