Jabali la Ziwa Nyasa ni Darasa

Aghalabu, somo la viumbe wa majini likifika kwenye miamba, mifano huchukuliwa baharini. Mwanafunzi huelezwa habari za matumbawe ya Mafia na Ghuba ya Mnazi, akaonyeshwa picha ya mzamiaji mwenye mtungi wa hewa mgongoni, amezungukwa na samaki wa kila rangi. Mifano hiyo ni mizuri. Lakini mwanafunzi wa Litumbandyosi, wilayani Mbinga, yu mbali na bahari, ilhali Ziwa Nyasa liko upande wake wa magharibi. Yafaa aanze na ziwa hilo.

Ziwani hamna matumbawe, kwani hayo ni wanyama wa maji ya chumvi. Badala yake kuna majabali, kama yale ya Liuli na Mbamba Bay. Mzamiaji akishuka kandokando yake huona mambo yanayofanana sana na ya baharini: samaki wa buluu, wa manjano na wenye milia, madume yakilinda kila moja eneo lake. Hao ndio mbuna, wa jamii ya sikilidi, ambamo perege naye yumo. Ziwa hili lina aina zaidi ya 500 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Mwaka 1959 mtaalamu Mwingereza, Geoffrey Fryer, alieleza jinsi samaki wa majabalini wanavyogawana chakula: wengi hukwangua mwani juu ya mawe, na wengine hata hunyofoa magamba ya wenzao.

Hata hivyo, ipo tofauti moja iliyo kubwa kuliko mifanano yote. Watoto wa samaki wengi wa matumbawe huchukuliwa na mikondo ya bahari, hivyo mwamba ulioumia huweza kupata mbegu kutoka mwamba mwingine. Mbuna hawana safari hiyo. Jike huatamia mayai kinywani kwa majuma matatu hivi, kisha huwaachia watoto katika mawe yale yale. Wakubwa nao ni nadra kuvuka eneo la mchanga au kina kirefu. Ndiyo maana jabali moja huweza kuwa na samaki wasiofanana na wale wa jabali la jirani. Likiharibika, hakuna mkondo utakaowarudisha.

Adui mmojawapo ni tope. Udongo uliomomonyoka hufunika mwani, na huyatia maji ukungu. Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba katika Ziwa Victoria majike huwatambua madume ya aina yao kwa rangi. Palipo na maji machafu rangi hufifia, na aina za samaki hupungua. Hapana sababu ya kungoja Ziwa Nyasa litoe ushahidi wa namna hiyo.

Upande wa Malawi, hifadhi ya taifa ya ziwa hili ilianzishwa mwaka 1980, na mwaka 1984 UNESCO ikaitia katika urithi wa dunia. Ni jambo jema, lakini mipaka ya hifadhi haizuii udongo unaoshuka kutoka milimani. Kinachouzuia ni kilimo bora. Wamatengo wana ngoro, mashimo yanayochimbwa mteremkoni kati ya majani yaliyolazwa, ambayo hushika maji na udongo. Mkulima anayetunza ngoro katika mteremko unaoelekea ziwani huwatunza na samaki asiowaona.

Basi mwalimu asingoje vifaa vya kuzamia. Ndoo yenye kitako cha kioo, ikishikwa juu ya maji kutoka mtumbwini, hutosha kuwaonyesha wanafunzi mbuna, tena bila kuwaingiza kwenye maji yenye kichocho. Wasioweza kufika ziwani na wachote maji ya kijito kabla ya mvua na baada yake, wayaache yatulie katika chupa, kisha wapime kimo cha tope. Hiyo ni Baiolojia, ni Jiografia, na ni Kilimo. Mwanafunzi aliyepima tope hilo kwa mkono wake atajua kwamba uhai wa jabali la ziwani huanzia shambani.